Kitenzi "kula": mwongozo kamili wa umbo, maana na matumizi yake

Anayejifunza Kiswahili hukutana na kitenzi "kula" katika masomo ya mwanzo kabisa, na aliyezaliwa katika lugha hii hukitumia kila siku bila kukifikiria. Hata hivyo, ni miongoni mwa vitenzi vinavyowasumbua sana walimu, waandishi na wahariri. Kwanza, umbo lake hubadilika kwa namna inayoonekana kana kwamba haina kanuni: tunasema "anakula" lakini "akila", "amekula" lakini "hajala", "atakula" lakini "ale". Pili, maana yake huenea hadi mahali pasipo na chakula chochote, kwa kuwa kiongozi hula kiapo, timu hula kichapo, na gari hula mafuta. Mwongozo huu unashikilia kwamba mambo yote mawili yana utaratibu. Umbo huamuliwa na mkazo wa matamshi, na maana huamuliwa na nomino inayokifuata kitenzi. Mwenye kuzifuata hatua zilizo hapa chini ataweza kuunda kila umbo mwenyewe badala ya kulikariri.

Hatua ya kwanza: Tenga mzizi na kiambishi

Neno "kula" lina sehemu mbili: kiambishi "ku-" cha kitenzi-jina, na "-la", ambayo ndiyo yenye maana. Hii ndiyo sababu anayetafuta neno hili kwenye herufi K katika kamusi nyingi za Kiswahili hulikosa. Na alitafute kwenye herufi L, kama vile "kusoma" linavyotafutwa kwenye S. Sehemu hiyo fupi ni urithi wa kale wa lugha za Kibantu. Wazulu husema "ukudla", Washona "kudya", Waganda "okulya", Wanyarwanda na Warundi "kurya", na wazungumzaji wa Kilingala "kolia".

Kiswahili kina vitenzi vichache vya aina hii vyenye shina la silabi moja: kufa, kuja, kunywa, kunya, kupa, kucha na kuwa. Yatakayosemwa hapa kuhusu umbo la "kula" yanavihusu karibu vyote, isipokuwa "kupa", ambacho hakiachani na kiambishi cha mtendwa (kinachomtaja anayetendewa, kama "-m-" katika "nimempa") na kwa hiyo hakina haja ya "ku-".

Hatua ya pili: Jua "ku-" hubaki wapi na hudondoka wapi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na inafaa kupasoma polepole. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "anasoma" mkazo uko kwenye "so", yaani ndani ya shina lenyewe. Shina "-la" lina silabi moja tu. Tukiunda "anala", mkazo utalazimika kuangukia "na", ambacho ni kiambishi cha wakati. Kiambishi hicho hakiwezi kubeba mkazo. Lugha humwita "ku-" aje kuubeba, nasi tunapata "anakula".

Viambishi visivyobeba mkazo ni "-na-", "-li-", "-me-", "-ta-", "-nge-", "-ngali-", pamoja na virejeshi kama "-ye-", "-o-", "-cho-" na "-po-". Baada ya hivyo, "ku-" hubaki: anakula, walikula, tumekula, mtakula, ningekula, angalikula, anayekula, waliokula, tulipokula, asiyekula. Hali ni hiyo hiyo baada ya "-sha-": nimeshakula, ambalo ni ufupisho wa "nimekwisha kula".

Viambishi vinavyoweza kubeba mkazo ni "-ki-" cha masharti, "-ka-" cha masimulizi, "hu-" cha mazoea na "-ja-" cha ukanushi wa hali timilifu. Viambishi vya nafsi navyo hubeba mkazo vinapopakana na shina moja kwa moja. Baada ya hivyo, "ku-" hudondoka: akila, tukala, hula, sijala, nile, wale, usile, sili, hatuli. Wakati uliopo usiodhihirika nao una umbo lake fupi, "nala, wala, ala, twala, mwala", ambalo leo hupatikana zaidi katika mashairi, methali na vichwa vya habari.

Umbo "hakula" linahitaji uangalizi wa peke yake. Wengi hudhani kwamba "ku" iliyomo ni ile ya "kula", kumbe ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita, ile ile tunayoikuta katika "hakusoma" na "hakulala". Ushahidi ni kwamba ukiweka kiambishi cha mtendwa, "ku" hiyo haiondoki: "hakuila nyama". Katika wakati ujao, ambapo "ku" ni ya kitenzi-jina kweli, "hatakula" hugeuka kuwa "hataila".

Tahadhari nyingine ni "hula" na "huli". La kwanza ni la mazoea na linafaa nafsi zote: "mimi hula mapema", "wao hula usiku". La pili ni ukanushi wa nafsi ya pili umoja: "wewe huli pilipili?" Irabu moja inatenganisha kauli mbili zinazopingana, na kosa la hapo haliwezi kusahihishwa kwa kubahatisha.

Kuhusu amri na matakwa, mtu mmoja huambiwa "kula", wengi huambiwa "kuleni", na ombi la adabu ni "ule" au "mle". Maumbo haya ya matakwa hufanana na vionyeshi vya mbali, na ndiyo maana sentensi "waache wale wale" ni sahihi kabisa: neno moja ni kionyeshi na jingine ni kitenzi, na msikilizaji huyatenga bila taabu yoyote.

Kwa kuwa mwongozo huu unahusu Kiswahili sanifu, ni haki kueleza kinachosemwa nje ya usanifu. Katika mazungumzo ya Kenya bara, wasemaji wengi wameifanya "kula" nzima kuwa shina, na kwa hiyo husikika "tukule", "akikula", "sikuli nyama", "chakula kimekuliwa", na hata "nataka kukula". Maumbo hayo yana mantiki yake, kwa maana yanaondoa ugumu wote ulioelezwa hapo juu, lakini katika mtihani, ripoti au habari ya gazeti yatahesabiwa kuwa makosa. Unguja nako kuna "kala" kwa maana ya "amekula" na "keshakula" kwa maana ya "amekwisha kula". Maumbo haya hayana ubaya wowote, na methali moja mashuhuri imelihifadhi la kwanza: "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

Hatua ya tatu: Amua kama utatumia kiambishi cha mtendwa

Kiambishi cha mtendwa huweza kubeba mkazo, hivyo kikiingia, "ku-" hutoka. "Nimekula wali" huwa "nimeula wali". "Alikula chakula" huwa "alikila chakula". Sentensi hizi mbili hazina maana moja. Anayesema "nimekula wali" anaeleza aina ya chakula alichokula. Anayesema "nimeula wali" anazungumzia wali fulani ambao msikilizaji anaujua, pengine ule uliowekwa kabatini. Mama akiuliza "Nani ameila ile nyama?", watoto wanajua mara moja kwamba anatafutwa mtu.

Kwa viumbe hai kanuni ina ladha ya ziada. "Tumekula kuku" ni habari ya kitoweo. "Chui amemla kuku" ni habari ya kuku aliyekuwa hai akizunguka uani. Mnyama akishakuwa mlo, Kiswahili huelekea kumwacha bila kiambishi. Akiwa bado ni kiumbe, humpa "-m-". Zipo sentensi zinazokiuka mwelekeo huu, ila mwandishi makini ataufuata.

Mtendwa anapokuwa binadamu, tahadhari huzidi. "Simba alimla mtu" ni taarifa ya kawaida, lakini katika lugha ya mitaani "kumla mtu" ni usemi wa aibu wenye maana ya tendo la ndoa, tena wa kumdhalilisha anayesemwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kauli ya kutendana, "kulana". Anayeandikia hadhira ya watu wazima na watoto pamoja aangalie muktadha usije ukampa msomaji kicheko asichokikusudia.

Methali "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" ni zoezi zuri kwa mwanafunzi aliyefika hapa. "Ku" iliyomo katika "halikuli" si ya kitenzi-jina wala si ya wakati uliopita. Ni kiambishi cha mtendwa, yaani "wewe". Zimwi linalokujua haliwezi kukula hadi likumalize.

Hatua ya nne: Nyambua kwa uangalifu

Mnyambuliko huongeza silabi katika shina, na kwa hiyo tatizo la "ku-" hutoweka lenyewe. Kauli ya kutendwa ni "kuliwa": "chakula kimeliwa", kamwe si "kimekuliwa". Kauli ya kutendeka ni "kulika", na hutumika sana kwa ukanushi, kama pale mpishi anapozidisha chumvi na kuambiwa kwamba mchuzi "hauliki".

Kauli ya kutendea ni "kulia", nayo hueleza chombo, mahali au sababu ya kula: "sahani ya kulia", "chumba cha kulia", "wao hulia vidole". Kutoka hapa tumepata "mkono wa kulia", yaani mkono ambao mtu hulia chakula, na katika nyumba za pwani mtoto anayepeleka mkono wa kushoto kwenye sinia bado hukanywa papo hapo. Utata uko katika kitenzi kingine chenye umbo hilo hilo, "kulia" kwa maana ya kutoa machozi. Ukitaka kuvitenga, vipeleke kwenye kauli ya kutendesha: cha machozi hutoa "kuliza", cha chakula hutoa "kulisha". "Amemliza mtoto" na "amemlisha mtoto" ni habari mbili zilizo mbali kabisa.

"Kulisha" kina familia kubwa. Ng'ombe hulishwa kwenye malisho, maharusi hulishana keki mbele ya wageni, shahidi hulishwa kiapo, na mwanasiasa hulalamika kwamba mwandishi "amemlisha maneno", yaani amemtajia kauli asiyoitoa. Nomino "lishe" imetokana na kauli hii, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, imebeba mzizi "-la" mara mbili katika jina lake. Nomino nyingine za kukumbuka ni "mlo", ambalo wingi wake ni "milo". "Ulaji", yaani namna au kitendo cha kula. Na "mlaji", ambalo nchini Tanzania hutumika pia katika biashara na sheria kumtaja mtumiaji wa bidhaa na huduma, kama katika "kumlinda mlaji". "Utapiamlo" nalo limejengwa juu ya "mlo". Watu wengi hulielewa kuwa ni upungufu wa chakula pekee, ilhali wataalamu wa lishe hulitumia kwa hali yoyote ya lishe isiyo sawa, ukiwemo uzito uliozidi.

Kiambata "mla" huandikwa mbali na nomino inayokifuata: mla nyama, mla rushwa, mla riba. Wingi wake ni "wala", na hapo msomaji huweza kukwama, kwa sababu "wala" ni kiunganishi pia. Katika "wala nyama wanahitaji maji mengi" ni walaji. Katika "hakuna nyama wala maji" ni kiunganishi.

Hatua ya tano: Chagua kati ya kula na vitenzi jirani

Si kila kinachopita kinywani huliwa. Uji hunywewa, hata ukiwa mzito. Supu hunywewa, hata ikiwa na mifupa. Na "kunywa chai" kwa Watanzania wengi ni kifungua kinywa kizima, pamoja na maandazi, chapati au mihogo. Dawa hunywewa au humezwa. Sigara huvutwa, ugoro hunuswa. Miraa, au mirungi, hutafunwa, ingawa watumiaji wake wenyewe husema wanaila.

Namna ya kula nayo ina vitenzi vyake, na mwandishi anayevijua hatalazimika kuongeza vielezi. Mwenye pupa hufakamia au hubugia, asiye na meno humumunya, mpishi huonja, mtoto anayechungulia chunguni hudokoa, mla ugali humega tonge, huliviringa kiganjani na kulichovya katika mchuzi. Kutowelea ni kula kitu kikavu kwa kitoweo.

Jambo dogo linalokosewa mara nyingi ni kihusishi "kwa". "Kula ugali kwa samaki" maana yake samaki ndiye kitoweo; "kula kwa kijiko" hutaja chombo; "kula kwa shangazi" hutaja nyumba. Ukisema "kula ugali na samaki" hujakosea, ila umeorodhesha vyakula viwili bila kuonyesha kipi kinakishusha kingine.

Majina ya milo hayafanani kila mahali. Mlo wa asubuhi ni "kifungua kinywa" au "staftahi" nchini Tanzania, na "kiamshakinywa" au "chamshakinywa" nchini Kenya. Katika vitabu vya shule yapo pia "chamcha" la mchana na "chajio" la jioni, ambayo huyasikii sana majumbani. Katika mwezi wa Ramadhani, "futari" ndicho kinachofungulia saumu na "daku" ndilo chakula cha usiku wa manane, na huwa tunasema "kufuturu" lakini "kula daku".

Hatua ya sita: Soma maana kutoka katika nomino inayofuata

Hii ndiyo hatua yenye utajiri, na si rahisi kuimaliza. Matumizi ya sitiari ya "kula" yanaonekana kuwa mengi mno, lakini ukiyachunguza utakuta yanatoka katika pande mbili za tendo la kula lenyewe. Anayekula hukipunguza kitu hadi kiishe, na wakati huo huo hukiingiza ndani yake, kiwe kizuri au kibaya.

Upande wa kupunguza ndio unaotupa "gari hili linakula mafuta", "simu inakula chaji", "kazi hii imekula muda wetu", "kutu imekula bati" na "bahari inakula ufukwe". Hapa kiima si lazima awe na uhai. Anayesikia "fundi amekula hela yangu" huelewa kwamba fedha imekwenda na kazi haijafanyika. Anayesikia "mhazini amekula hela za kikundi" huelewa kuwa ni ubadhirifu. Nchini Kenya mtu aliyetumiwa nauli akakosa kufika huambiwa kwamba "amekula fare". Kauli ya Tanzania "imekula kwako" nayo iko upande huu: hasara imekuangukia wewe, na hakuna wa kukufidia. "Kula hasara" ni ndugu yake wa lugha rasmi.

Upande wa kuingiza ndani ndio wa "kula kiapo" na "kula yamini". Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kuapa hakukuwa maneno matupu. Mwapaji alilishwa au alinyweshwa kitu ambacho kingemdhuru iwapo angesema uongo. Leo kitu hicho hakipo, lakini kitenzi kimebaki, na magazeti yaliandika kwamba Samia Suluhu Hassan alikula kiapo cha urais tarehe 19 Machi 2021, na William Ruto tarehe 13 Septemba 2022. Anayesimamia tendo hilo "humwapisha". Kiongozi mwenyewe ndiye "anayekula". Kukichanganya kiima hapa ni kosa la kawaida katika taarifa za habari za haraka.

"Kula njama" ni kupanga uovu kwa siri pamoja na wenzako, na katika mashtaka ya jinai nchini Tanzania "kula njama ya kutenda kosa" ni kosa linalosimama peke yake. "Kula riba" na "kula mali ya yatima" ni semi zilizokita mizizi kupitia mafundisho ya Uislamu, kwa kuwa Kurani nayo hutumia kitenzi cha kula katika makatazo hayo mawili. "Kula rushwa" ndio usemi unaosikika zaidi. Kenya husema pia "kula hongo" na "kula mlungula". Mwandishi akumbuke kwamba rushwa huliwa na mpokeaji tu. Mtoaji hajala chochote, hata kama sheria humtia hatiani vilevile. Kwa sababu hiyo, katika maandishi ya kisheria ni salama zaidi kutumia "kuomba", "kutoa" na "kupokea".

Siasa imeinyanyua maana hii ikaifanya kuwa falsafa, kwa bahati mbaya. Nchini Tanzania "amepata ulaji" husemwa juu ya mtu aliyeteuliwa kushika nafasi yenye marupurupu; nchini Kenya "zamu yetu ya kula" ni kauli inayojulikana ya makundi yanayogombea madaraka. Methali "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake", ambayo ingeweza kusomwa kama wito wa kuridhika na kiasi, imepindwa hadi ikawa utetezi wa anayechota ofisini kiasi anachoweza kukifikia. Luganda nayo husema "kula" ufalme kwa maana ya kutawazwa, lakini hapo usemi ni wa heshima.

Kinachoingizwa ndani huweza kuwa kipigo. Mwanamieleka anayebwagwa "amekula mweleka", usemi uliohama uwanjani na sasa hutumika kwa yeyote aliyeanguka, hata katika uchaguzi. Timu "hula kichapo". Anayetishia kwamba "nitakula naye sahani moja" haalikwi chakula. Anaahidi kupambana na mtu huyo ana kwa ana. Usemi huu huwapotosha wageni kuliko wowote mwingine, kwa kuwa maneno yake yote ni ya ukarimu.

Huweza pia kuwa furaha. Watu "hula sikukuu", "hula raha", "hula ujana", maharusi "hula fungate", na vijana wa Tanzania "hula bata", ingawa mezani hakuna bata. Kijana aliyekawia kuoa huulizwa na majirani, "Tutakula lini ubwabwa wako?", na hakuna anayehitaji kufafanuliwa kwamba wanaulizia harusi. Mzee "aliyekula chumvi nyingi" ameishi miaka mingi, na ni usemi wa heshima; usichanganywe na "kutia chumvi", ambako ni kuongeza uongo katika habari.

Hatua ya saba: Pima heshima na mahali

Kumkuta mtu akila kuna maneno yake. Anayekula ndiye anayetangulia kusema "karibu" au "karibu tule", hata kama sahani ni ndogo. Mpitaji hujibu "asante, starehe" au "asante, nimeshiba". Si lazima awe ameshiba kweli, na hakuna anayemchunguza. Akikubali, kwanza hunawa mikono.

Kwa wageni wa heshima, kitenzi chenyewe hulegezwa. Badala ya "njooni mle", mwenyeji husema "karibuni mpate chakula" au "karibuni mezani". Kumwuliza mkubwa "umekula?" si matusi, lakini "umeshapata chakula, mama?" ina upole zaidi. Kwa marika, lugha ya mtaani ina msamiati wake: Tanzania kuna "msosi", na Sheng ya Nairobi ina "kudishi" na "kumanga". Neno "maakuli", lenye asili ya Kiarabu, linakubalika hata katika maandishi yaliyopambwa kidogo, hasa ya hafla.

Hatua ya nane: Hariri

Ukimaliza kuandika, pitia maumbo yako kwa kuyatamka, kwa sababu sikio hukamata makosa ambayo jicho huyapita. Tafuta kwanza "anala" na "amela", halafu "akikula" na "ukule", kisha "kimekuliwa". Angalia kila "hali" katika maandishi yako: katika "hali nyama" ni kitenzi, katika "hali ya hewa" ni nomino, na sentensi inayoanza kwa neno hilo huweza kumrudisha msomaji nyuma. Ikiwa ni hivyo, ongeza kiima: "mgonjwa hali nyama" haina utata.

Mwisho, angalia "kula" na "kura". Katika maeneo ambako matamshi ya "l" na "r" hubadilishana, "kupiga kula" na "kura chakula" hupenya hadi kwenye mabango na vipeperushi. Programu ya kusahihisha tahajia haitalikamata kosa hilo, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi yakiwa peke yake. Njia ya hakika ni kukiangalia kitenzi au nomino iliyo jirani: kura hupigwa, huhesabiwa na huibwa; chakula hupikwa, hupakuliwa na huliwa.